Siku Kumi na Tisa Bila Neno

Wewe unayemsukuma mtu aliyekaa kimya, na wewe unayekaa kimya ukitumaini kwamba Mungu atakujaza mdomo saa ileile, kaeni wote wawili. Habari ya Mwantum wa Buyenzi inawahusu.

Asubuhi hiyo Mwantum alikuwa anachambua mchele barazani, avenyu ya kumi na mbili. Mumewe Radjabu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, amezungukwa na vipande vya feni. Feni hiyo alikuwa ameifungua mara ya nne tangu mwezi uanze, na haikuwa na ugonjwa wowote.

"Baba Anouar."

"Naam."

"Umeandika?"

"Bado."

"Hata mustari moja?"

"Hata mustari."

"Zimebaki siku ngapi?"

"We ndiye unahesabu, mama. Niambie."

"Tisa!" Mwantum aliushusha ungo kwa nguvu, mchele ukaruka. "Zilikuwa kumi na tisa. Kumi umezikula na hiyo feni."

Radjabu alipuliza vumbi kwenye bawa moja la feni, akalitazama kwenye mwanga kama mtu anayekagua almasi. "Inaiva," akasema.

"Nini inaiva? Kuna chungu motoni hapa? Mi sioni moto!"

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mtoto wao Anouar, kijana wa miaka ishirini na saba anayeuza vipuri vya magari, alikuwa amempenda Lubna. Ukoo wa Lubna ni watu wa Buyenzi wa zamani, lakini biashara ya vitambaa iliwapandisha mpaka Mutanga Nord, kwenye nyumba yenye geti na zamu wa kulinda geti. Siku ya kushika mlango, yaani ya kupeleka posa, ile Warundi wanayoiita gufata irembo, ilikuwa imepangwa. Kwa desturi, upande wa kijana hutafuta msemaji hodari, mtu wa maneno, naye baba hukaa kimya akipangusa jasho. Lakini Khaled, baba mdogo wa Lubna na msemaji wao, alikuwa ameleta habari nyingine: "Bibi yake binti amechoka na midomo ya kukodi. Baba wa kijana aseme mwenyewe. Akisema vizuri, tutampokea. Akishindwa, arudi akatafute maneno."

Kila mtu alijua maana ya kwenda kutafuta maneno. Dada yake Lubna alipoombwa, watu wa kwanza waliambiwa hivyohivyo, wakaenda kutafuta. Waliporudi baada ya miezi sita, walikuta binti ameshaolewa. Na sasa kulikuwa na kijana wa Uvira, mwenye maduka mawili, ambaye alikuwa amekwisha kutuma salamu.

Radjabu hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa fundi wa magari kwa miaka thelathini, na mtaa mzima uliijua tabia yake ya kuahirisha. Kuna Starlet moja ambayo mafundi wote waliikataa. Aliiacha juu ya matofali wiki saba, mwenye gari akamtukana mpaka akachoka. Asubuhi moja Radjabu akaamka, akachukua puli ya mashine ya kukoboa mpunga, akaichonga, akaifunga, na gari hilo linatembea hadi leo. Watu walikuja kulitazama kama harusi. Lakini kuna teksi ya mtu wa Kinama nayo. Aliiacha miezi mitano kwa kimya kilekile na uso uleule, na bado iko pale, haina milango, kuku wanatagia ndani yake. Mwenye teksi alimpeleka kwa mkuu wa zone, Radjabu akalipa.

Hilo ndilo lililomnyima Mwantum usingizi. Kabla mambo hayajaisha, hakuna aliyeweza kujua kama kimya hiki ni cha Starlet au ni cha teksi.

Mambo yalizidi. Esansi, yaani petroli, ilikuwa imepotea mjini, gereji haina gari hata moja linalotembea, kwa hiyo Radjabu hakuwa na kisingizio cha kazi. Lakini kila siku baada ya swala ya laasiri alivaa kofia yake akatoka.

"Unaenda wapi?"

"Natembea."

"Watu wanatembea wakiwa na kitu cha kupeleka!"

"Ndiyo natafuta cha kupeleka."

Alirudi magharibi, viatu vyekundu kwa vumbi, akanawa, akala, akakaa. Siku ya kumi na mbili Anouar alimfuata mama yake jikoni. Kijana huyo hakuwa mtu wa kusema sana, na alikuwa hana macho ya kuona vitu. Ungeweza kuhamisha kabati yeye akaning'iniza shati hewani. Lakini siku hiyo alikuwa amekonda.

"Mama, baba ataniharibia."

"Usiseme hivyo juu ya baba yako."

"Lubna ameniuliza baba amefikia wapi. Nimemuambia iko karibu kumaliza. Nimedanganya, mama. Mi najua hajaanza."

Mwantum alifunika sufuria. "Nenda zako kazini," akasema. "Mi niko."

*

Nyuma ya soko kuna kibanda chenye kompyuta moja na mashine moja ya kuchapa karatasi. Mwenye kibanda ni Anselme, mwalimu mstaafu, anayewaandikia watu barua za kuomba kazi, barua za kuomba msamaha, na hotuba za posa. Mwantum aliketi kwenye benchi, pochi kifuani.

"Mama, unataka ya ndama au ya ua?" Anselme aliuliza bila kuinua macho.

"Ipi iko nzuri?"

"Ya ua ni fupi. Ya ndama inaliza watu. Unasema mulipoteza ndama, mukafuata nyayo, mukavuka mito mitatu, nyayo zikaingia kwenye geti lao. Pale kwenye muto wa tatu lazima mutu mmoja atoe leso."

"Basi ya ndama."

"Jina la binti?"

"Lubna."

Anselme alifuta jina lililokuwapo, akaandika Lubna. Mwantum aliona kidole kile kikifuta.

"Mwalimu, hii itakuwa ya kwetu peke yetu?"

"Mama," Anselme akasema huku karatasi ikitoka, "kila mutu akiisoma inakuwa yake."

Jibu hilo halikuwa jibu, lakini lilitoka kwa mwalimu, na Mwantum shule aliiachia darasa la sita. Alilipa kwa pesa aliyokuwa amejiwekea ya kununulia dira jipya la kuvaa siku ile. Nyumbani aliisoma karatasi taratibu, kidole chini ya kila neno, mpaka akafika mto wa tatu. Ni kweli, machozi yalimtoka.

Usiku, baada ya kula, alimpa mumewe. Radjabu aliisoma yote, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Asante, mama."

"Utaisoma siku ile?"

"Ni nzuri."

"Sikukuuliza kama ni nzuri!"

Lakini mwanamume alikuwa ameshashika bisibisi.

*

Siku ya kumi na tisa walipanda Mutanga Nord kwa miguu, watu kumi na wawili, wamevaa vizuri, jua la saa tisa likiwachoma. Gari la kukodi lilikuwa limeahidiwa, likakosa esansi. Kreti za Fanta zilipanda kwa baiskeli. Kwenye kilima wapita njia waliwacheka kidogo: "Harusi ya miguu hiyo!" Mwantum alikuwa na dira lake la Idi ya miaka miwili iliyopita, na mgongoni jasho lilikuwa limechora ramani. Alimkaribia mumewe.

"Umepata neno?"

"Bado."

"Karatasi unayo?"

Radjabu aligusa mfuko. Mwantum akashukuru Mungu kwa kile kipande cha karatasi kuliko alivyowahi kushukuru kwa dhahabu.

Getini zamu aliwaweka nje dakika ishirini, ndiyo desturi, mgeni wa kuomba lazima asimame kidogo. Lakini zamu huyo alimtazama Radjabu kwa namna ya ajabu, kama anayemfahamu. Kisha wakafunguliwa.

Ndani viti vilikuwa vimepangwa pande mbili, zinatazamana. Upande wa pili alikaa Khaled, kanzu nyeupe, tumbo mbele. Kando yake alikaa bibi yake Lubna, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya giza, mikono juu ya fimbo. Macho yake yalikuwa yamekufa miaka minne sasa. Lubna hakuwapo, kwa desturi alikuwa ndani, anasikiliza kupitia pazia.

Khaled alisimama. Aliwakaribisha, akauliza habari za njia, akapongeza miguu yao, watu wake wakacheka. Halafu akainua kidole.

"Wageni wetu, najua mumechoka. Basi mi nitawasaidia kazi. Mutatuambia kwamba mulipoteza ndama. Sivyo? Ndama mweupe, mwenye nyota kwenye paji la uso. Mukafuata nyayo. Mukavuka muto wa kwanza, maji yalifika kwenye magoti. Muto wa pili, kiunoni. Muto wa tatu..." Alitoa leso akajipangusa jicho, na upande wake wote ukaangua kicheko. "Muto wa tatu, mama wa kijana alilia! Jamani, mwaka jana mi mwenyewe niliinunua kwa Anselme, nilipomuombea mutoto wa dada yangu. Ndama yule ameingia Mutanga Nord yote. Sasa tunataka maziwa!"

Walicheka mpaka wanaopanga glasi wakacheka. Mwantum hakusikia tena. Masikio yalijaa mvumo kama mashine ya kusaga. Alitazama mfuko wa shati la mumewe, pembe nyeupe ya karatasi ikichungulia, akatamani aichomoe aimeze. Yeye ndiye aliyeinunua. Yeye ndiye aliyemsukuma mtu mpaka kwenye shimo. Kando yake Anouar alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake.

Radjabu akasimama.

Alisimama hakusema. Kicheko kilikwisha, yeye bado. Mtu alikohoa. Khaled alianza kutabasamu, tabasamu la mtu ambaye sentensi inayofuata anaijua: arudi akatafute. Mwantum alianza kusoma ayatul kursi moyoni, akaikosea katikati, akaanza upya.

"Bismillahi," Radjabu akasema. "Mzee Khaled, asante. Umenipunguzia muzigo." Akatoa ile karatasi, akaishika wazi mbele ya watu. "Hii muke wangu aliinunua kwa pesa ya nguo yake. Hakuniambia, lakini naiona nguo aliyovaa. Ni karatasi nzuri. We umeisoma vizuri kuliko mi ningeisoma."

Hakuna aliyecheka.

"Sisi hatuna ndama. Buyenzi mutu angemfunga wapi ndama? Mi ni fundi wa magari. Kwetu gereji kuna sheria moja, na haikuandikwa. Ukienda kwa jirani kuazima spana, unaacha kitu. Si pesa. Unaacha kitu ambacho bila hicho kazi yako nayo inasimama. Ukichukua spana, acha nyundo. Ukichukua jeki, acha betri. Hivyo wote wawili munahisi pengo, na hakuna anayemusahau mwenzake.

"Mulipotuma habari, nikasema, kabla sijaomba, nijue kwanza naondoa nini katika nyumba ya watu. Nikapanda huku kwa miguu. Siku ya kwanza nilifika getini nikaogopa kugonga. Ya pili vilevile. Zamu wenu alidhani mi ni mwizi."

"Ni kweli!" zamu akapaza sauti kutoka getini. "Nilishika mpaka fimbo!"

Watu wakacheka, lakini sasa kilikuwa kicheko kingine.

"Siku ya tatu geti likafunguka. Akatoka binti, amemushika mkono bibi yake. Nikawafuata nyuma, Mungu anisamehe. Binti alikuwa anasema: Bibi, hapa wamepaka geti rangi ya kijani. Bibi akauliza: kijani gani? Akasema: kijani cha ndizi changa, upande moja imekauka vibaya kama uji uliomwagika. Wakasonga. Bibi, hapa paka amelala juu ya gari la muzungu, amenyoosha mukono kama anadai kodi. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Walifika mwisho wa barabara, na barabara yote ilikuwa imeingia ndani ya yule mama, nyumba kwa nyumba."

Mwantum alimtazama bibi. Mikono ilikuwa imekaza fimbo.

"Basi nikajua nimetumwa kuomba macho ya mutu. Nikarudi nyumbani nikashindwa kuandika. Ningeandika nini? Mahari tutatoa, hiyo ni haki ya binti. Lakini pesa haiwezi kumuambia bibi rangi ya geti. Siku zote hizi nimezunguka nyumba yangu natafuta, nina nini cha kuacha hapa? Mi nina mutoto mmoja wa kiume. Yeye ndiye nyundo yangu."

Alimgeukia Anouar, na Anouar akainua kichwa. Kisha akamtazama bibi.

"Sikuja kuomba, mama yangu. Nimekuja kuacha. Binti atakuja kwenu siku yoyote anayotaka, mulango ni wake. Lakini kila Ijumaa baada ya laasiri, huyu atakuwa hapa. Atakushika mukono mpaka mwisho wa barabara, atakuambia anachoona. Na siwafichi: hajui kuona. Tulipaka nyumba chokaa, alimaliza siku nne hajajua. Atajifunza. Siku atakayosema, bibi, leo hakuna kipya, mumurudishe, nitakuja mi mwenyewe. Nimemaliza."

Akakaa.

Mwantum alihisi nywele za mwili wote zimemsimama, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mahali pasipo na watu. Miaka ishirini na tisa alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyu, amemfulia ovaroli, amemwita mvivu mbele ya majirani, na hakujua kwamba ndani mle kuna barabara nzima na paka wake na rangi zake. Alimtazama kama unavyotazama mlima ulioupa mgongo maisha yako yote. Na ndani ya mshangao huo, kitu kidogo kilimchoma: Ijumaa. Ijumaa Anouar hula naye, mchana mpaka jioni, ni siku yake. Mtu huyu ameitoa mbele ya watu, bila kumuuliza.

Khaled alifungua mdomo. Kazi yake ni kuweka vikwazo vitatu, ndiyo mchezo wenyewe. Aliufunga. Akaufungua tena.

"We fundi," bibi akasema, "wewe ndiye ulikuwa unakohoa nyuma yetu?"

"Ni mi, mama."

"Nilimuambia Lubna kuna mutu anatufuata. Akaniambia, apana bibi, ni mzee tu, amepoteza kitu anakitafuta chini."

"Ego, ndiyo, mama. Nilikuwa nakitafuta."

Bibi alitikisa kichwa polepole. "Na huyo kijana asiyeona ndiye atamwongoza kipofu?"

"Ndiyo huyo, mama."

"Yoo! Tutaanguka kwenye mutaro wote wawili." Akacheka, akageuza uso upande ilikotoka sauti ya mwanawe. "Khaled, kaa chini. Maneno yako uyaweke, tutayatumia siku nyingine. Fungueni Fanta, watu wametembea."

Nyuma ya pazia mtu alilia kwa sauti, kisha akajiziba mdomo. Wanawake wakapiga vigelegele.

*

Walishuka kilima jua likizama, wengine mbele wakiimba. Mwantum na mumewe walibaki nyuma.

"Ulijua tangu lini?" akamuuliza. "Yale maneno. Tangu siku ya paka?"

"Nilikuwa na paka. Nilikuwa na geti. Sheria ya spana naijua tangu utoto. Lakini vilikuwa vimekaa mbalimbali, kama ile feni."

"Basi vilikutana lini?"

"Niliposimama."

"Uliposimama pale? Mbele ya watu?"

"Khaled aliponicheka."

Mwantum alisimama barabarani. "Radjabu. Na kama visingekutana?"

Radjabu alinyoosha mikono yake mbele, ile mikono ya fundi, akaigeuza huku na huku.

"Starlet nilijua," akasema. "Ile teksi pia nilikuwa nasema inaiva. Mpaka leo nangoja. Tofauti yake mi siijui, mama. Ukiniona nimenyamaza, usidhani nimestarehe. Siku kumi na tisa nimeogopa kuliko wewe, nilikuwa naona haya kusema."

Mwantum alikuwa amejiandaa kumkaripia juu ya Ijumaa. Akaishika ile mikono, wakashuka hivyo mpaka watoto wa barabarani wakawazomea.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, usikimbilie kibandani kumnunulia mtu ndama. Na wewe baba unayengoja, jua kwamba mtoto wa mtu amesimama juu ya kimya chako. Anouar alivuka salama, lakini alivuka kwa uzi.

Ndoa iliwekwa baada ya mfungo. Ijumaa ya kwanza baada ya posa Anouar alikula haraka, akapanda. Mwantum alikaa barazani na sahani ya mtoto mapajani, hakujua afanye nini na jioni ile. Magharibi kijana alirudi, akaketi mbele yake badala ya kuingia ndani.

"Bibi ni mkali, mama. Nilimuambia kuna muti. Akaniuliza: muti gani, una nini, umesimamaje? Amenirudisha mara tatu mpaka niuone." Alisema, akasema, maneno mengi kuliko aliyowahi kusema mwaka mzima. Halafu akainama kuchukua sahani, na macho yake yakabaki kwenye mkono wa mama yake.

"Mama, una kovu kwenye kidole."

"Ndiyo."

"Ni la lini?"

"La zamani, baba."

"Lilitoka wapi?"

Mwantum alikitazama kidole, kana kwamba yeye pia anakiona sasa.

"Nilikuwa nakata mboga, lengalenga," akasema. "We ukasimama, ukatembea mara ya kwanza. Mi nikageuka kukuangalia."